Simu Isihadithie Peke Yake

Mazungumzo na wanachuo wa ualimu wanaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha

Mkuu wa chuo, wakufunzi wetu, viongozi wa serikali ya wanachuo, shikamooni. Wenzangu mnaosubiri barua za BTP, yaani za kwenda mazoezi ya kufundisha, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie podikasti na usimulizi wa hadithi darasani. Jana jioni pale kantini nilisikia wawili wakijadili bei za maikrofoni Kariakoo, na mmoja ameshachora hadi nembo ya podikasti yake. Hongera zake. Lakini ninalotaka kuwaambia leo halihitaji maikrofoni wala nembo. Hadithi ya kurekodi inafaa darasani pale inapomwachia mtoto nafasi ya kuitikia. Isipomwachia, hata sauti iwe safi namna gani, dakika ya tatu mtamkuta anachora gari pembezoni mwa daftari. Mengine yote nitakayosema, yakiwemo ya MB na ya mabati, yanatoka hapo.

Mimi ni mwalimu tarajali kama ninyi, ila nimesharudi kutoka mazoezini. Nilikuwa darasa la tatu, shule ya msingi ya kijijini wilayani Muheza, Tanga. Watoto zaidi ya 90, dawati la watatu linakaliwa na watano, paa la bati lisilo na dari. Nawatajia haya mapema kwa sababu podikasti mnazozipenda zimetengenezwa kwa mtu mmoja aliyevaa spika za masikioni ndani ya daladala. Ninyi mtatengeneza kwa watu 90 waliobanana kwenye chumba kimoja, wa mbele wanakuona pua, wa nyuma wanaona kisogo cha mwenzao. Ni kazi nyingine kabisa.

Na tusidanganyane kuhusu jina. Podikasti kwa kawaida ni mfululizo wa vipindi vya sauti ambao msikilizaji amejiandikisha kuupata, kipindi kipya kikitoka simu yake inakipokea yenyewe. Kule kwangu hakuna mtoto aliyejiandikisha popote. Vipindi vilikaa kwenye memori kadi, kadi ikakaa kwenye spika ndogo, basi. Nilichobakiza kwenye podikasti ni kwamba vipindi vinafuatana na vinaweza kurudiwa. Kwa darasa la tatu vinatosha hivyo.

Sasa tuanze na tunachokijua. Msimuliaji wa pwani hasogei hatua kabla hajajibiwa. Anaita “Paukwa!”, watu wanajibu “Pakawa!” Kwingine anaita “Hadithi, hadithi!”, watoto wanajibu “Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!” Wakijibu kivivu anarudia, tena kwa kuwasuta: “Leo mmeshindia nini, mbona sauti hazitoki?” Pale anapima nani yuko naye na nani ameshaanza kusinzia. Katikati ya kisa ataweka wimbo, wimbo una kiitikio, na kiitikio kile kina kazi mbili: msimuliaji anavuta pumzi na kukumbuka kinachofuata, na mtoto wa miaka sita anapata kipande cha hadithi anachokimudu mwenyewe. Hawezi kukuhadithia kisa kizima, lakini kiitikio atakiimba njia nzima hadi nyumbani.

Sauti iliyotoka kwenye kisanduku nayo si ngeni katika elimu yetu. Waulizeni waliokulia enzi za RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, wawaambie habari za “Mama na Mwana”, kile kipindi cha hadithi za watoto kilichosimuliwa na Deborah Mwenda. Redio nyumbani ilikuwa moja, kwa hiyo watoto walisikiliza kwa pamoja na kuulizana kwa pamoja. Mwaka 1973 kampeni ya “Mtu ni Afya” iliwakusanya watu wazima takriban milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio nchi nzima. Ingekuwa rahisi zaidi kumwacha kila mtu asikilize kwake. Hawakuachwa. Walikaa kikundi na kiongozi wao, redio ikinyamaza wanajadili, wakimaliza kujadili wanaamua nani achimbe choo na nani afyeke mazalia ya mbu. Redio ilifungua mazungumzo, kazi wakaifanya wenyewe.

Mwaka uliofuata, mbali huko Nicaragua, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walianza kufundisha hisabati za shule ya msingi kwa redio. Mtangazaji anauliza, ananyamaza, watoto wanajibu kwa sauti au wanaandika, halafu anawapa jibu. Kenya wakaichukua njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kufundishia Kiingereza madarasa ya chini. Zanzibar, kuanzia 2006, mradi wa RISE ukaitumia kwa watoto wadogo kwa jina la “Tucheze Tujifunze”: watoto wanakusanyika, wanaimba, wanaruka, wanaijibu redio kana kwamba inawaona. Mwandishi wa vipindi vya namna hiyo hukiandika kimya kama anavyoandika maneno: hapa sekunde tatu, hapa sekunde tano. Mtangazaji anasoma maneno, akifika kwenye kimya anakisoma nacho.

Korona ilipofunga shule kati ya Machi na Juni 2020, masomo yalirudi redioni na kwenye televisheni, na wengi wetu tulikuwa bado wanafunzi. Mnakumbuka vile vipindi ambavyo mwalimu alimwaga maneno mwanzo hadi mwisho bila kupumzika? Mimi nakumbuka mwanzo wake tu.

Niwape kisa kimoja cha Muheza. Nilimwomba bibi wa mwanafunzi wangu mmoja anihadithie mbio za fisi na kinyonga, nimrekodi, nikawasikilizishe wenzake mjukuu wake. Alikubali upesi. Akajitanda khanga vizuri kama anayekwenda kupigwa picha, akakaa mkekani barazani. Nikaiweka simu mbele yake juu ya kinu kilichopinduliwa. Akaitazama.

“Hii ndiyo itaniitikia?”

Nikamwambia, bibi, wewe hadithia tu, watoto watakusikia kesho shuleni.

“Hapana, mwalimu. Nisipoitikiwa nasahau mwisho.”

Akawaita wajukuu waliokuwa uani wanamenya mihogo, akawaketisha mbele yake, visu akaviweka pembeni, ndipo akaita “Paukwa!” Rekodi ile ina kuku. Ina mtoto anakohoa. Ina mtu anapita njiani anasalimia “Za hapo!” na bibi anamwitikia “Njema, karibu!” bila kumwachia fisi aponyoke. Nilikuwa na rekodi nyingine nilizofanya chumbani kwangu usiku, tulivu, zimepangwa vizuri. Watoto walizisikiliza kwa heshima. Ile ya bibi waliidai.

Na kuna jambo nililitambua nikiwa nimesimama nyuma ya darasa nawatazama. Kila mahali wajukuu wa bibi walipoitikia, watoto wa darasani nao waliitikia, wala hakuna aliyewaambia. Sauti za watoto waliomo kwenye spika ziliwavuta watoto walio mbele ya spika. Tangu siku ile niliacha kuandika maelekezo ya “sasa watoto itikieni” kwenye vipindi vyangu. Ukitaka darasa liitikie, weka watoto watatu wanne ndani ya rekodi wawe wanaitikia. Wao ndio watakaoongoza darasa, wewe hutasema kitu.

Haya, tuje kwenye simu yenyewe.

Programu ya kurekodi mnayo tayari, karibu kila simu janja inakuja nayo. Kabla hujabonyeza kitufe chekundu, iweke simu hali ya ndegeni, maana mama yako atapiga pale pale fisi anapoingia pangoni. Ishike shubiri moja kutoka mdomoni. Ukiipeleka mbali zaidi inazoa chumba kizima: mwangwi wa kuta, jogoo, bodaboda ya jirani. Ukiileta karibu mno inapigwa na pumzi. Na sisi tuna shida yetu ya nyumbani: hadithi zetu zinaanza na sauti inayoisumbua maikrofoni kuliko zote. Wekeni kiganja mbele ya mdomo, wote, mseme “Paukwa!” Mmeusikia ule upepo? Ndio unaoifanya spika itoe kishindo, na watoto wakaziba masikio kabla hadithi haijaanza. “Pakawa” nayo ndiyo hivyo hivyo. Igeuze simu kidogo pembeni ya mdomo, pumzi ipite kando yake isiipige usoni. Au ivishe soksi. Soksi safi, jamani.

Rekodi mahali penye nguo, magodoro na mapazia, kwa sababu vitu laini vinameza mwangwi. Bweni wakati wenzenu wako darasani ni studio nzuri kuliko ukumbi huu. Mimi kijijini nilikuwa najifunika blanketi zima pamoja na simu, tochi na karatasi yangu. Unatoka umelowa jasho, lakini sauti inatoka kavu.

Kwa wale wanaohesabu bando: kipindi cha dakika 5 ukikihifadhi kwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, chaneli moja, ni kama MB 2.4. Mtu unamrushia kwa bluetooth kabla chai haijapoa. Dakika hizo hizo ukiziacha kwenye WAV, faili la sauti lisilobanwa, zinapita MB 25, na sikio la mtoto aliyekaa mita sita kutoka kwenye spika ndogo halitaona tofauti. Kompyuta za maabara ya TEHAMA mkizipata, Audacity ni programu ya bure, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2000, na ikishasakinishwa haidai intaneti. Humo mna vitufe vya kutisha. Jifunzeni kukata, kupandisha sauti iliyo chini, na kuingiza kimya. Hicho cha mwisho kina amri yake kabisa: unaiambia sekunde ngapi, inaziweka.

Hapa kwenye kimya nataka nikae kidogo, maana ndipo wengi mtakapokuwa na haraka.

Mtu anayerekodi peke yake chumbani huona aibu kunyamaza. Sekunde mbili za kimya anaziona dakika. Basi anauliza, “Mnadhani kinyonga alijificha wapi?” na papo hapo anaendelea, “Alijificha kwenye mkia wa fisi!” Amemnyang’anya mtoto swali lake. Kuna vimya vya aina mbili. Kimoja ni cha kuitikia: watoto wanajua cha kusema, wanakisema kwa pamoja. Hicho sekunde tatu nne zinatosha kwa darasa dogo, lakini darasa la 90 linaitikia kwa mawimbi, wa mbele wanaanza, wa nyuma wanamalizia, kisha kuna kicheko cha bure. Ongeza. Cha pili ni cha kufikiri, na hicho usikipimie sekunde ndani ya rekodi hata kidogo, kwa sababu hujui watabishana muda gani. Weka ishara. Mimi niligonga debe mara mbili, na watoto walijua debe likilia mwalimu anasimamisha spika na mazungumzo ni yao. Baada ya wiki chache wakawa wao wanaonikumbusha: “Mwalimu, debe!”

Kingine ambacho hamtakisoma kwenye maelekezo ya programu yoyote: neno la kwanza baada ya kimya halisikiki. Watoto bado wanapiga kelele. Ukianza na “Kinyonga akaruka,” watasikia “akaruka” na hawatajua nani. Kwa hiyo baada ya kila kimya weka neno la kutupa. Wazee wetu wanalo tayari, “Enheee!” Livute. Likifunikwa na kelele hujapoteza kitu, na kelele zikitulia kisa kinaendelea.

Spika iwekeni wapi? Wengi huiweka mbele, chini ya ubao, kwa kuwa ndipo mwalimu anapokaa. Wa mbele wanaziba masikio, wa nyuma wanasikia mngurumo tu bila maneno. Iweke katikati ya darasa, juu ya stuli, na chini yake kitambaa, la sivyo mbao zinatetemeka na kukwaruza. Halafu wewe mwenyewe nenda kasimame nyuma kabisa. Kama husikii “k” na “t” za msimuliaji, nao hawazisikii.

Mabati sasa. Masika Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na ukanda wa Tanga mvua haiombi ruhusa. Ikianza kupiga bati lisilo na dari hakuna spika ya mwalimu itakayoiweza, hata koo lako haliiwezi. Msishindane nayo. Kuweni na kazi ya siku ya mvua isiyohitaji sikio: kuchora alipoishia fisi, au kuandika unavyodhani kisa kitakwisha.

Hilo la kuishia njiani ndilo lililonipa kazi nzuri kuliko zote. Kisa cha mbio mnakijua: wanyama wanashindana, anayefika wa kwanza anakalia kiti cha uchifu. Kinyonga hawezi mbio, kwa hiyo ananing’inia kwenye mkia wa fisi, na fisi anakimbia peke yake akijicheka kwa furaha. Niliikata rekodi ya bibi vipande. Ijumaa moja kipindi kikaishia fisi amefika, hamna mtu, anageuza mgongo akae. Debe likagongwa. Nikazima spika, nikawaambia tutakutana Ijumaa ijayo. Zile kelele zilimtoa mwalimu mkuu ofisini.

Nikawapa kazi ya kuandika sentensi tatu: nini kinafuata? Aliyesikia kisa nyumbani akatakiwa asiwaharibie wenzake, jambo lililokuwa adhabu kubwa kwake. Mmoja akaandika fisi anakalia msumari. Mwingine, kinyonga alikanyagwa njiani na fisi sasa ni chifu, hadithi imekwisha, kwaheri. Na kijana mmoja akaandika kwamba kinyonga alipanda bodaboda akapita njia ya mkato ya shamba la mkonge. Wenzake wakamzomea, eti zamani za kale hakukuwa na bodaboda. Akajibu, “Na wanyama walikuwa wanaongea?” Sikuwa na la kumjibu. Ijumaa iliyofuata, kinyonga aliposema kutoka chini ya makalio ya fisi, “Angalia, usinikalie, mimi nimeshaketi!” darasa zima lilisimama.

Nilipoona hivyo nikawaachia wao warekodi. Wakubwa mnaonisikiliza, kama mna dakika moja tu ya kuniamini, iwe hii: kipindi kinachotengenezwa na watoto kinafundisha kuliko kinachotengenezwa na mwalimu, hata kikiwa kibovu. Kundi moja lilihitaji sauti ya punda anapita, wakachukua vifuu viwili vya nazi wakavigonganisha mezani. Mvua wakaipata kwa kuchezesha mchele kwenye ungo, polepole kwanza, kisha kwa nguvu. Moto ni maganda makavu ya mahindi yanayofinywa karibu na simu. Fisi ndiye aliyeleta ugomvi. Mvulana mmoja alimfanya atembee kwa hatua sawa, tu, tu, tu, tu. Mwenzake akamkatalia: fisi anachechemea. Wakabishana mpaka mtoto wa tatu akaeleza kuwa fisi miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, ndiyo maana anaonekana kama ana kilema. Wakaafikiana: kifuu kimoja kigongwe juu ya meza, kingine juu ya kitambaa. Hatua nzito, hatua laini. Mkisikiliza rekodi ile mmefumba macho, mnamwona fisi. Mimi sikuchangia chochote zaidi ya kukaa kimya, na mnajua mwalimu tarajali anavyoona vigumu kukaa kimya mwalimu wa somo akiwa dirishani.

Halafu wakajisikiliza. Hapo ndipo matamshi yaliporekebika bila fimbo wala kejeli. Muheza kuna watoto wanaozungumza Kibondei na Kisambaa nyumbani, na wengine wazazi wao walikuja kwenye mashamba ya mkonge kutoka mikoa ya mbali. Anayesema “kurara” kwa “kulala” ukimsahihisha mbele ya wenzake anafunga mdomo muhula mzima. Akijisikia mwenyewe kwenye spika, anakunja uso, anakuja mezani: “Mwalimu, futa, nirudie.” Nilifuta mara nyingi. Sheria yangu moja ilikuwa kwamba anayeomba kufutiwa anafutiwa, bila kuulizwa kwa nini.

Najua swali linalowakereketa: mkufunzi atakayekuja kukupima atasemaje? Atakaa nyuma na fomu yake, ataona spika inazungumza, ataandika “mwalimu hakufundisha”. Ni haki yake, kama spika imezungumza dakika 40. Kwa hiyo kwenye andalio la somo rekodi isizidi dakika 6 au 7 ndani ya kipindi cha dakika 40. Utangulizi wako, maneno mapya machache ubaoni. Sehemu ya kwanza ya kisa, debe, mjadala wa wawili wawili. Sehemu ya pili. Kisha rudia kipande kimoja kigumu, kwa sababu rekodi inakubali kurudiwa na bibi hakubali. Muda unaobaki ni wa watoto kusimulia upya, kuigiza, kuandika. Mtaala unataka kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, na zote nne utazionyesha. Kwenye safu ya zana andika spika, simu ya mwalimu na debe. Debe msilisahau, mkufunzi wangu aliliulizia.

Mambo ya ruhusa niyapitie upesi, ingawa si madogo. Mwone mwalimu mkuu kabla hujatoa simu darasani. Inatumika ya mwalimu peke yake, mtoto haleti ya kwao. Sauti ya mtoto ni taarifa yake binafsi na nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo mzazi aulizwe, na aulizwe kwa lugha anayoielewa: nitamrekodi mwanao, itachezwa darasani, haitoki hapo. Isitoke kweli. Msiitupie kwenye grupu la WhatsApp la darasa letu ili mchekeshane. Watoto wajichagulie majina ya kuigiza. Wangu mmoja alijiita Mheshimiwa Kobe. Anayetaka kuvirusha vipindi hadharani mtandaoni, hiyo ni hatua nyingine yenye kanuni zake za maudhui ya mtandaoni, aanzie TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano. Na muziki wa Bongo Fleva chini ya hadithi una mwenyewe. Tumieni ngoma ya debe na makofi ya watoto.

Nimalizie na mtoto ambaye njia hii inamwacha nje. Kama darasani mna kiziwi, au asikiaye kwa shida, podikasti kwake ni dakika 7 za kutazama migongo ya wenzake wakicheka. Darasa langu lilikuwa na mmoja asiyesikia vizuri sikio la kushoto. Tulimhamishia karibu na stuli, upande wa sikio zima, na kabla ya kila kipindi alipewa karatasi yenye picha nne za kisa zikiwa zimechanganywa, azipange kadiri kinavyokwenda. Wenzake wakazitaka picha hizo, tukaishia kuzichora kwa darasa zima. Kwa asiyesikia kabisa picha hazitoshi. Anahitaji lugha ya alama, na waliosomea elimu maalumu, chuo cha Patandi na kwingineko, ndio wa kuwauliza. Waulizeni kabla hamjaripoti shuleni, mkiwa bado na nafasi ya kubadili andalio.

Sasa tufanye kazi. Chai ni saa nne na nusu. Kaeni wanne wanne. Mmoja msimuliaji, wawili waitikiaji, mmoja ashike simu shubiri moja na aangalie saa. Kisa chochote cha nyumbani kwenu, dakika mbili, chenye kiitikio kimoja na kimya kimoja cha sekunde tano kamili. Mkishindwa kunyamaza sekunde tano, anzeni upya. Mkufunzi wa TEHAMA yuko pale mlangoni na spika, makundi matatu ya kwanza kumaliza tutayasikiliza wote, na ukumbi huu wote utaitikia. Mwenye simu iliyo chini ya asilimia 20 asogee kwenye soketi za ukuta wa kulia, za kushoto hazina umeme.